Mjomba hakupatikana, je yumo kwenye idadi ya vifo?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alipanda meli ya Spice Islander ile iliyozama Septemba 2011 kwenda Pemba na mpaka leo hajaonekana, yeye wala maiti yake. Kila mwaka ikikaribia tarehe 10 watu wanaposti kumbukumbu na kila mtu na namba yake, huyu anasema waliokufa ni 203, yule 1,573, mwingine anasema serikali inaficha ni zaidi ya hapo. Nimejaribu kufuatilia nikazidi kuchanganyikiwa, manake kivuko cha MV Nyerere nacho kilianza 44 kikaishia 228, na kuna sehemu nimesoma New York mwaka 2001 walitaja watu 6,000 halafu ikashuka hata nusu haifiki. Hii 'idadi ya vifo' inahesabiwaje hasa na nani anaipanga? La pili ndo linaniumiza. Kuna ndugu wanamwambia mama kwamba mjomba hayumo kwenye ile 203 kwa hiyo kiserikali hajafa, na shamba lake la mikarafuu haliguswi. Ni kweli?"

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana wewe na mama, miaka yote hii bila kaburi la kwenda kusomea dua si jambo dogo.

Umeuliza mambo mawili na ninavyoona mimi shida yote ya nyumbani kwenu imetokana na watu kuyafanya jambo moja. Kuna hesabu ya maafa, yaani ajali hii imeua watu wangapi, na kuna ithibati ya kifo cha mtu mmoja mwenye jina lake, mke wake na shamba lake. Hesabu ya maafa haikuwahi kuwa cheti cha mtu yeyote. Kwa hiyo anayemwambia mama kuwa mjomba "hayumo kwenye 203 basi hajafa" anachukua namba iliyotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa na kuipa mamlaka ambayo haina. Kwenye kesi ya shamba nitafika huko chini, lakini hili la kwanza mwambie mama leo leo.

Tuanze na hizo namba mbili, 203 na 1,573, manake zote ni sahihi. Ile 203 ni miili iliyopatikana. Meli ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, sehemu yenye kina kirefu na mkondo mkali, na bahari ya vile hairudishi kila ilichochukua, wengi walibaki ndani ya meli na wengine walichukuliwa na maji. Kisha tume ya uchunguzi ilipotoa matokeo yake Januari 2012 ikaongeza watu 1,370 ambao walipanda na hawakuonekana tena. 203 ukijumlisha na 1,370 unapata 1,573. Mjomba wako, kama familia iliandikisha jina lake, yumo kwenye hao 1,370. Na hata kama hamkuandikisha haina maana hakuwemo melini, ina maana hesabu ina pengo la mtu mmoja, na mapengo ya namna hiyo yapo karibu katika kila ajali kubwa.

Kwa hiyo hiyo "idadi ya vifo" unayoisoma ndani yake kuna makundi mawili, waliopatikana na wasiopatikana, na ugomvi mwingi wa mitandaoni ni kwamba mmoja anahesabu kundi la kwanza tu na mwenzake anahesabu yote mawili halafu hawaambiani. Kidunia utaratibu uko wazi. Nchi zilipokutana Sendai, Japani, mwaka 2015 kukubaliana namna ya kupunguza maafa, kipimo cha vifo kilichokuja kuwekwa kwa makubaliano hayo ni waliofariki pamoja na waliopotea. Hata ile hifadhidata kubwa ya maafa inayotunzwa kule Ubelgiji na Chuo Kikuu cha Louvain inajumlisha hivyo hivyo. Aliyepotea kwenye janga hawekwi pembeni asubiri mwili wake uonekane ndo ahesabiwe. Wangefanya hivyo basi ajali za baharini na maporomoko ya tope yangeonekana madogo sana kwenye vitabu, wakati ndo yanayomeza watu kuliko mengine.

Sasa namba inatengenezwaje siku yenyewe. Chukua hiyo MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kimepinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kimebaki hatua chache kufika gatini. Kilijengwa kubeba watu 101. Jioni ile ikatangazwa 44, giza likaingia, uokoaji ukasimama mpaka asubuhi. Ile 44 ilikuwa miili iliyokuwa imeopolewa na kuhesabiwa mpaka muda ule, haikuwa hesabu ya waliokufa, wengine walikuwa bado chini ya kivuko na kila mtu pale ufukweni alijua. Kesho yake ikavuka 100, ikaenda ikavuka 200, ikatulia kwenye 228, na waliookolewa 41. Hakuna aliyekuwa anaongeza kidogo kidogo ili wananchi wasishtuke, ni kazi ya wazamiaji na ya kutambua maiti ndo ilikuwa inasogea. Kosa ninaloliona hapa ni la sisi tunaotangaza. Mtangazaji anasema "waliokufa ni 44" wakati alitakiwa aseme "miili iliyopatikana mpaka saa moja jioni ni 44". Angesema hivyo, asubuhi asingeonekana kama mtu aliyedanganya jana.

Unaona pia watu 101 na watu 228 pamoja na 41 haviendani. Hapo ndo penye kidonda chetu na naomba nikae hapa kidogo. Kwenye ndege hesabu ni nyepesi, kuna orodha ya abiria, unatoa waliopona unabaki na waliokufa na waliopotea. Kwenye vyombo vyetu vya majini orodha ama haipo ama ni ya uongo, kwa sababu anayezidisha abiria hawezi kuandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili, lile daraja la tatu walimojaa watu wa kawaida halikuwa na orodha. Ndo maana mpaka leo ukiuliza Bukoba ilichukua watu wangapi unapewa namba zinazopishana kwa mamia. Spice Islander ilikuwa na ruhusa ya abiria 645 na ukiangalia waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Watoto wadogo ndo kabisa, wengi hawakatiwi tiketi, wanabebwa mapajani, na wasipopona hakuna karatasi inayosema walikuwepo.

Penye hali hiyo hesabu inabidi itoke majumbani. Familia zinakuja kwa sheha au mwenyekiti wa mtaa na polisi, zinasema fulani wa fulani alisafiri siku ile na hakufika, wanaohoji wanalinganisha na waliopona, na maiti zilizotambuliwa, na watu waliomuona akipanda. Ni kazi ya polepole na ndo maana tume ilichukua miezi. Na njia hii inakosea pande zote mbili. Inakosa mtu aliyesafiri peke yake asiye na wa kumuulizia, au familia nzima iliyokufa pamoja ikawa hakuna aliyebaki wa kuja kuandikisha. Na inazidisha pale mtu mmoja anapoandikishwa mara mbili.

Hiyo ya pili ndo jibu la New York. Baada ya yale mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 orodha ya waliopotea ilivuka watu 6,000 ndani ya wiki chache. Mke alipiga simu, mama mtu alipiga, ofisi ikapeleka jina, ubalozi ukapeleka jina hilo hilo limeandikwa vingine, na kuna waliotafutwa ambao walikuwa wazima ila hawakuwa wamewasiliana na ndugu. Wakakaa wanachambua jina kwa jina, miezi mingi, na leo waliofariki pale New York wanahesabiwa 2,753. Kwa hiyo namba ikishuka usiseme "wamefuta watu", mara nyingi ni ishara kwamba kuna mtu alikaa akafanya kazi ya kuchambua. Mimi binafsi namba ya maafa ambayo haijawahi kusahihishwa hata mara moja ndo inanitia wasiwasi.

Halafu sikia hili manake linamhusu mjomba. Kati ya hao 2,753 zaidi ya 1,000 hakuna mabaki yao yaliyotambuliwa mpaka leo pamoja na vipimo vyote vya vinasaba. Lakini wamo kwenye idadi, majina yao yamechongwa kwenye kumbukumbu iliyojengwa pale, na familia zao zilipata vyeti vya vifo kwa kuapa na kupeleka ushahidi kwamba mtu wao alikuwa ndani ya majengo yaliyoshambuliwa. Maiti ni ushahidi mzuri kuliko wote. Ila si ushahidi pekee.

Namba hupanda pia kwa majeruhi wanaofia hospitali. Lile lori la mafuta la Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, siku yenyewe waliotajwa walikuwa kwenye 60, lakini walioungua vibaya walipelekwa Muhimbili na hospitali nyingine wakawa wanafariki mmoja mmoja mpaka idadi ikavuka 100. Hapa lazima kuwe na kanuni ya muda. Kwa ajali za barabarani kanuni ya kimataifa ni siku 30, aliyefariki ndani ya siku 30 kwa majeraha ya ajali ile anahesabiwa. Kwa maafa mengine hakuna siku moja iliyokubaliwa duniani kote, kwa hiyo wawili wakifunga vitabu tarehe tofauti watatoa namba tofauti na wote wakawa wakweli.

Kuna na mipaka ya nani anaingia. Utasikia bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, Agosti 1998, liliua 213, mwingine anasema 224. Huyo wa pili kaongeza na 11 wa Dar es Salaam, manake mabomu yalilipuka asubuhi ile ile. Shambulio la Westgate, lile duka kubwa la Nairobi, 2013 utaona 67 na utaona 71, tofauti ni wale washambuliaji wanne. Haya ni madogo, yanaisha ukiuliza tu "mmehesabu akina nani".

Kubwa zaidi ni vifo ambavyo janga limevisababisha bila kumgusa mtu moja kwa moja. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico Septemba 2017 na kwa miezi idadi rasmi ilikuwa 64. Watu wa kisiwani wakawa wanashangaa, manake misiba waliyozika wao ilikuwa mingi kuliko hiyo. Umeme ulikatika kwa miezi, wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu wakakosa mashine, wa kisukari dawa zikaharibika kwa kukosa friji, wazee barabara zimekatika hawawezi kufika hospitali. Wote hawa kwenye cheti iliandikwa figo, moyo, kisukari, neno kimbunga halikuandikwa popote. Chuo Kikuu cha George Washington kikachukua njia nyingine, wakatazama kawaida kisiwa kingepoteza watu wangapi kwa miezi ile, kisha wakatazama kilipoteza wangapi kweli, ile ziada ikawa 2,975, na mwaka 2018 serikali ya kisiwa ikaikubali kuwa idadi rasmi. Watafiti wa Harvard kabla ya hapo walikuwa wamepata 4,645 kwa kuuliza kaya, lakini wenyewe walisema inaweza kuwa popote kati ya 793 na 8,498, na watu wakaibeba ile ya katikati tu kama vile ni hesabu ya kichwa kwa kichwa. Njia ya ziada ina nguvu sana ila ina udhaifu wake, haikuambii fulani amekufa kwa kimbunga, inakuambia jumla tu, na inataka nchi inayosajili vifo vyake vizuri wakati wote. Kwetu vifo vingi vinazikwa kijijini bila kusajiliwa, kwa hiyo hiyo njia tungeitumia kwa shida sana.

Sasa hilo la "serikali inaficha". Nitakujibu bila kuzunguka. Ndiyo, duniani serikali zimewahi kuficha au kuburuta miguu, kwa sababu namba kubwa inaleta maswali, nani aliruhusu meli ikaondoka imejaa, nani alikagua, nani alipe fidia. Huwezi kumlaumu mwananchi kwa kushuku. Lakini tofauti ya namba peke yake si ushahidi wa kuficha, kama ulivyoona hapo juu zipo sababu nyingi za halali za namba mbili kupishana. Mimi naangalia vitu vingine. Je wanaeleza walivyohesabu na mpaka siku gani? Wanatenganisha waliopatikana na waliopotea, au wanataja miili tu na kunyamaza? Familia zina mahali pa kuandikisha mtu wao na zinasikilizwa? Hospitali, polisi na watu wa Msalaba Mwekundu namba zao zinakaribiana au ziko mbali kabisa? Ukikuta wanataja miili tu, hawataki kuulizwa waliopotea na watu wanazuiwa kuandikisha, hapo una haki ya kushuku na kusema kwa sauti. Kwa Spice Islander, tume yenyewe ndo iliyotaja wale 1,370, na namba hiyo iliiaibisha mamlaka kuliko ile 203, kwa hiyo dai la kuwa 203 ni namba "ya serikali" na 1,573 ni "ya wananchi" halina mashiko.

Twende kwenye shamba. Kisheria mtu aliyepotea bila maiti anahesabiwa hai mpaka mamlaka yenye uwezo itamke kuwa amefariki, hapo ndugu zako wana nusu ya ukweli. Nusu wasiyoisema ni kwamba mamlaka hiyo ipo na mnaweza kuiendea, hamhitaji jina lake liwe kwenye listi ya miili. Kila nchi ina muda wake wa kudhania kifo, Kenya kwa mfano ni miaka 7 bila mtu kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Ninyi mna zaidi ya miaka kumi na mnayo ajali inayojulikana dunia nzima, huyu si mtu aliyeaga anakwenda kutafuta maisha akanyamaza.

Kama familia ni Waislamu, fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inamwita mafqudi, mtu aliyepotea, na kadhi ndiye anayehukumu kuwa amefariki baada ya kutazama mazingira aliyopotelea. Kabla ya hukumu hiyo mali yake haigawiwi, baada yake inagawiwa kama mirathi ya marehemu yeyote. Na kama aliacha mke basi hukumu hiyo inamhusu pia huyo mama wa watu, eda yake na haki ya kuolewa tena, msifikirie shamba peke yake. Kwa Zanzibar nendeni Mahakama ya Kadhi ya wilaya alikokuwa anaishi, na kwenye ugawaji wa mirathi kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na cheti cha kifo mnakifuata kwa wasajili wa vifo mkishapata hukumu mkononi.

Kabla ya kwenda kusanyeni vitu. Barua ya sheha inayosema alikuwa mkaazi wake na hajaonekana tangu Septemba 2011. Kumbukumbu yoyote ya polisi au ya tume ambako jina lake liliandikwa, na kama hamna uhakika aliandikishwa nendeni mkaulize, msibahatishe. Watu waliomsindikiza bandarini au waliomuona melini, hasa aliyepona, huyo ni shahidi wa dhahabu na kila mwaka unaopita watu hao wanazeeka na kuhama, kwa hiyo mtafuteni sasa hivi. Kitambulisho chake, kipande cha tiketi kama kilibaki nyumbani, na majina ya warithi wote bila kumruka yeyote.

Jambo moja msilisahau, ulizeni lile shamba ni la aina gani. Pemba kuna mashamba ya urithi ya watu wenyewe na kuna eka tatu zilizotolewa na serikali baada ya mapinduzi ya 1964, na haki zake hazifanani. Likiwa ni eka tatu kadhi peke yake hatoshi, mtahitaji kwenda na Kamisheni ya Ardhi. Hapa mimi natoka kwenye fani yangu, mimi ni mtu wa takwimu za maafa, kwa hiyo msigawane wala msiuze hata mkarafuu mmoja kwa kutegemea maneno yangu. Tafuteni wakili, na kama hamna uwezo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinasaidia watu kwa ushauri, wana ofisi Pemba pia. Na kama kuna ndugu tayari anachuma karafuu za shamba hilo kila msimu huku akisema mwenyewe "hajafa", basi msichelewe kabisa, hilo wakili alisikie siku ya kwanza.

Kuhusu mama mwenyewe. Msiba usio na maiti unasumbua vibaya, mtu anakaa miaka anaamini labda ataingia mlangoni, na kila anayebisha namba mitandaoni anamfufulia upya. Kama halali usingizi, hali chakula vizuri, au anajitenga na watu, mpelekeni hospitali aonane na mtu wa ushauri nasaha, na wakati huo huo muiteni sheikh au mzee anayemheshimu akae naye. Halafu wewe ndugu yangu jina kamili la mjomba, umri wake, alikotoka na siku aliyopanda yaandike pamoja na majina ya mashahidi, toa nakala mbili, moja ibaki kwa mama, nyingine uende nayo kwa sheha wiki hii.